Mama Faneli na Pua ya Gari Jekundu

Ukinunua faneli katika soko la Kindu, muuzaji mwenyewe atakushauri uigeuze, ufumbe jicho moja na kuchungulia ndani. Ukiona vibawa vitatu vidogo vya bati vimesimama shingoni kama mapezi ya samaki, lipa uende zako. Hiyo ni ya Mama Faneli. Ukikuta shingo tupu, ni ya fundi mwingine, au ni ile ya plastiki iliyokuja na ndege, na akina mama wanaouza mawese watakuambia waziwazi kwamba itakutemea mafuta kifuani.

Jina lake la nyumbani nililijua, ila sikuwahi kulitumia, na sioni sababu ya kuanza leo. Mji mzima ulimwita kwa kile alichotengeneza. Alitengeneza pia ndoo, taa, majiko na mifereji ya paa, lakini faneli ndiyo iliyomshika. Banda lake lilikuwa mtaa wa Kasuku, karibu na reli, kiasi kwamba treni ya mizigo ikiingia, mikasi na nyundo zilizoning'inia ukutani zilianza kugongana zenyewe. Akisikia hivyo alisema, "Njo wateja wangu hao," yaani ndio hao, hata kama treni yote ilibeba saruji.

Hakuwa mnyenyekevu. Alijisifu kama watu wengine wanavyosalimia. Akikutana njiani na mama aliyebeba ndoo, angesimama, aizunguke, aseme, "Hii ndoo njo kazi yangu. Angalia mushono wake." Mara nyingine ndoo ilikuwa na chapa ya kiwanda chini ya kitako. Alionyeshwa chapa hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara alijibu kwamba kiwanda nacho kilijifunzia kwa mtu.

Alijipaka marashi kabla ya kuwasha makaa ya kulehemu. Alifunga kilemba kana kwamba anakwenda kwenye maulidi, akasema bismillahi, ndipo akakata bati. Hakutumia rula. Alipima kwa kiganja, na kiganja chake kilipovimba kwa sababu ya nyigu, wiki nzima ndoo za Kasuku zilitoka kubwa kidogo. Hakuomba radhi. Aliwaambia watu wamepewa zawadi.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni jinsi alivyoachana na kazi. Alimkabidhi mteja faneli ingali na joto la risasi ya kulehemia, ikibidi imefungwa kwenye kitambaa. "Kazi ikipoa mikononi mwako," aliniambia, "itaanza kukulilia kama mutoto. Mupe mwenyewe ingali na moto." Hakurudia kitu. Mshono uliopinda ulikwenda ukiwa umepinda, na wala haukuvuja.

Mimi ni kinyume chake, na ni lazima niseme, maana bila hilo habari hii haisimami. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga kufuli narudi kuivuta. Nikiandika ujumbe mfupi kwenye simu nausoma mpaka maneno yanakosa maana. Ufundi nilijifundisha peke yangu, kwa kutazama video za watu wa mbali wanaotengeneza sehemu za magari ya mbio, sauti nimeizima kwa sababu lugha yao sikuielewa, nikifuata mikono tu. Nilivutiwa na mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Wengine hupenda magurudumu au rangi. Mimi nilipenda ile njia ambayo haionekani, ambayo gari linapumulia.

Nilipomaliza shule nilizunguka magaraji kuomba kazi, nikaulizwa kama natafuta mume. Ndipo nikaenda kwa Mama Faneli kumwomba kona.

"Unajua kufanya nini?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Najua kidogo, Mama."

"Kidogo ya nini?"

"Mabomba ya hewa ya magari. Ya magari ya mbio."

Aliweka mkasi chini, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kuketi. "Magari ya mbio. Hapa Kindu. Yatakimbilia wapi, binti, kwenye tope?" Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Kona njo ile. Usiguse moto wangu."

Miaka niliyokaa katika kona ile nilitengenezea pikipiki pua ndefu, zile zinazopanda mpaka chini ya usukani ili injini isimeze maji kwenye vijito vya njia ya machimbo ya Kama. Pua ni neno lake. Alilitumia kwa kila bomba la hewa, na sasa siwezi kutumia lingine. Nilitengeneza vizuri, kisha nikaona kosa, nikakata, nikaanza upya. Hakuna hata moja niliyoitoa kwa mkono wangu nikasema imekwisha. Zilizotoka zilitolewa na Mama Faneli kwa hila. Asubuhi moja nilikuta bomba nililokusudia kulirekebisha kiwiko halipo.

"Mwenyewe amekuja kulichukua," alisema.

"Halijaisha, Mama. Kiwiko kimebonyea."

"Kimebonyea wapi? Motere itakiona?"

Nilikimbia mpaka barabarani. Dereva alikwisha kwenda. Siku hiyo sikuweza kula, na kwa majuma nilimwona katika mawazo amekwama katikati ya maji akinilaani. Aliporudi alikuja na kaka yake, ambaye naye alitaka pua kama ile. Mama Faneli alinitazama juu ya miwani yake. "Umesikia? Hakuuliza kiwiko."

Nilisikia. Lakini kusikia si kupona.

Habari za vita sikuziona mwenyewe. Nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilizipata kwa mwenye kinu cha injini, jirani yetu, mzee ambaye hakupitisha siku bila kugombana na Mama Faneli, na hakuruhusu mtu mwingine amseme vibaya. Anasema treni zilikuwa zimenyamaza, mji umezingirwa, na mtu aliyetoka kwenda shambani alikuwa anabahatisha maisha yake. Muhogo ulioingia mjini uliingia kwa vichwa vya wanawake, na kinu chake kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyobaki vinasaga. Kisha chujio la hewa la injini likaoza, na jipya halikuweza kupatikana. Injini ikaanza kumeza vumbi, ikawa inatoa moshi mweusi na kukwama.

Mama Faneli alikuja na kopo la mafuta ya taa. Alilijaza nyuzi za mchikichi alizozilowesha mafuta, akatoboa, akaunga bomba. Vumbi lilinasa kwenye nyuzi, hewa ikapita. Injini ikanguruma kama mpya. Tatizo ni kwamba alielekeza mdomo wa bomba ndani ya banda la kinu, pale pale unga unapopaa. Baada ya muda nyuzi zikajaa unga, unga ukalowa mafuta, joto likaupika, na injini ikazimika ikitoa harufu ya chakula kilichoungua. Wanawake waliokuwa kwenye foleni, wenye njaa wote, wakaanza kucheka. "Motere imekula mbele yetu," wakasema. "Hata kunawa haikunawa."

Hadithi hiyo aliisimulia yeye mwenyewe kwa kila mgeni, akidai aliifanya makusudi ili aone kama injini ina njaa. Lakini sehemu ya pili hakuisimulia kamwe. Niliipata kwa mwenye kinu tu: kwamba alirudi siku ileile, akapandisha bomba mpaka juu ya paa mahali hewa ilipokuwa safi, na kinu kikasaga mpaka njia zilipofunguliwa, na kwamba alikwenda kwa kila mwenye injini mtaani na kuipachikia pua bila kungoja kuitwa, milio ya bunduki ikisikika ng'ambo ya mto Lualaba. Mtu aliyejisifia ndoo za viwandani hakujisifia hilo. Nilimuuliza siku moja. Akasema, "Nani alikuambia? Yule muzee wa unga? Anasahau hata viatu vyake."

Vibawa vya ndani ya faneli navyo vilizaliwa wakati huo. Mafuta yalikuwa machache, na mafuta yakimiminwa kwenye faneli huzunguka, hutengeneza tundu katikati, hukoroma na kuruka nje. Tone lililomwagika lilikuwa mboga ya mtu. Alipachika vibawa, mafuta yakaacha kuzunguka, yakashuka moja kwa moja. Hayo sikuyajua wakati ninaotaka kuueleza. Mimi niliamini jibu alilotoa kwa wote: "Njo alama yangu. Ili watu wasiniibie."

Kuna jambo lingine la kuchekesha kuhusu mtu huyu aliyezipa injini pumzi: aliogopa upepo. Dirisha la chumba chake lilikuwa limezibwa kwa vitambaa vilivyoshindiliwa kwenye kila ufa, hata katika miezi ya joto ambapo sisi wengine tulilala tumelowa. Akipanda teksi alihakikisha vioo vyote vimepandishwa kabla hajakaa. Abiria walinung'unika, dereva akatokwa jasho, yeye akakaa amejifunga kanga shingoni. "Upepo unaingia kwenye mifupa," alieleza. Mwenye kinu anasema vitambaa vile aliviweka wakati wa vita, kwa kuwa upepo ulileta sauti za mapigano mpaka kitandani, na vita vilipokwisha hakuona sababu ya kuvitoa. Sijui nani mkweli. Nilijua tu kwamba ukitaka kukaa naye kwa amani, unafunga dirisha.

Sasa gari.

Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu, aliyeanza kwa kuchimba Kama na kuishia na nyumba ya ghorofa mjini, alinunua gari la mbio. Lilikuja kwa treni, limefunikwa turubai, na siku lilipoteremshwa watu walilifuata kwa miguu mpaka nyumbani kwake. Jekundu, la viti viwili, tumbo lake karibu liguse ardhi. Njiani sanduku lake la hewa lilipasuka, na fundi wa kwanza aliyelipokea akaweka mahali pake kipande cha bomba la maji na soksi ya kuchujia vumbi. Toka hapo likawa linatetemeka na kuzimika. Mafundi walibadilisha kila kitu isipokuwa ile soksi.

Binti wa mfanyabiashara alikuwa anaolewa ng'ambo ya mto, Alunguli, Jumamosi baada ya Idi. Baba alitaka apelekwe kwa gari lile. Walijaribu mapema: gari likavuka kwenye kivuko vizuri, likafika kwenye mlima wa gati la Alunguli, likakohoa, likafa katikati. Wapagazi walilifunga kamba wakalivuta juu kwa wimbo, na wimbo huo ulikuwa unamtaja mwenye gari. Watoto wa Kasuku walikuwa wanauimba kabla kivuko hakijarudi.

Mwenye gari alikuja bandani siku ya pili yake, amevaa suti.

"Mama, gari yangu inakohoa."

"Kila kitu kinakohoa kama pua haiko safi. Lete."

"Mafundi wanasema njo kompyuta."

"Kompyuta iko na pua? Sasa. Rudi nyumbani, oa binti yako."

"Simuoi mimi, Mama. Ninamuoza."

"Njo maana umeonekana umechoka. Lete gari."

Nilifurahi. Nilidhani nitamtazama akifanya. Siku chache tu baadaye habari ikaja kwamba binti wa Mama Faneli anayeishi Pangi amejifungua pacha, na pikipiki ikaja kumchukua. Alikaa nyuma ya dereva amezungushiwa mablanketi mpaka yakabaki macho tu.

"Mama, na pua ya gari?"

"Njo yako."

"Sijawahi kuitoa kazi peke yangu. Unajua."

"Nimeshamupa mwenye gari neno lako."

"Neno langu? Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa. Dereva, twende. Polepole, upepo usinikamate."

Nilibaki nimesimama barabarani na gari jekundu nyuma yangu. Nieleze vizuri nilichokiogopa. Gari likizimika tena mlimani, wimbo ungekuwa wangu, na banda lililojulikana kwa jina la Mama Faneli lingejulikana kwa jina la msichana aliyeliharibia sifa. Lakini hofu iliyo chini ya hiyo ilikuwa mbaya zaidi: kwamba hata likipona, nitashindwa kulitoa. Kwamba Jumamosi itafika na mimi bado nakata.

Nilianza kwa njia yake. Kiwiko ambacho ni vigumu kukikunja kwa bati, yeye alikifinyanga kwanza kwa udongo wa kichuguu, kisha akakata bati kufuata udongo. "Kwanza fanya upepo," alisema, "kisha uuvalishe nguo." Maana yake, usitengeneze bomba, tengeneza umbo la hewa yenyewe jinsi inavyotaka kupita, bomba litafuata lenyewe. Nilifinyanga upepo wa gari lile: mdomo mpana juu, karibu na taa, mbali na madimbwi, kisha shingo inayopungua taratibu, inazunguka betri, inaingia kwenye injini. Niliuvalisha kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa gundi ya utomvu, ile inayozibia mashua, nikaacha ikauke ikawa ngumu kama pembe, nikaenda kuzamisha vyote Lualaba. Udongo ukayeyuka ukaondoka na maji. Nikabaki na ngozi ya upepo mkononi, nyepesi. Nilitaka kulia kwa uzuri wake.

Nilifunga bomba hilo garini. Gari likawaka, likatetemeka kama zamani.

Kwenye shingo ya bomba kuna kifaa kidogo kinachopima hewa inayoingia na kuiambia kompyuta imwage petroli kiasi gani. Kilikuwa kinadanganywa na kitu, sikujua nini. Nilirefusha shingo. Nikaifupisha. Nikapanua mdomo. Kila bomba lililoshindwa nililikata kwa msumeno vipandevipande, ili nisilione. Nilimpigia Mama Faneli; mtandao wa Pangi unakuja na kuondoka, lakini mara moja tulisikilizana.

"Unafanya upepo kwanza?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi usinisumbue. Nabembeleza pacha."

Mwenye gari alikuja kuangalia. Alisimama mlangoni akitazama vipande sakafuni, na mimi nikaona ni wakati wa kumwambia ukweli.

"Papa, labda ungetafuta gari lingine la harusi."

"Mama Faneli alisema utaniambia hivyo."

"Alisema nini tena?"

"Alisema: nakuachia muntu mwenye kuogopa. Yeye ataogopa kwa ajili yako, weye ukae utulie." Akajipangusa jasho. "Miye sijatulia. Lakini yeye alisema."

Siku iliyofuata nilikwenda sokoni kununua chakula ambacho sikuwa na hamu nacho. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anajaza mawese kwenye chupa kwa faneli ya plastiki. Mafuta yakazunguka, yakafungua tundu jeusi katikati, yakakoroma, yakaruka. Jirani yake alikuwa anajaza kwa faneli ya bati. Mafuta yakashuka yamenyooka kama uzi mwekundu.

Nilisimama pale. Nilikuwa nimeziona faneli zile maelfu ya nyakati, nimezishikilia zikilehemiwa, na sikuwahi kuzitazama.

"Mama, naomba niangalie faneli yako."

"Unaishi bandani kwake, unakuja kuangalia ya kwangu?"

"Naomba tu."

"Angalia. Ukiniharibia, utakunywa mafuta haya."

Niligeuza, nikafumba jicho moja. Vibawa vitatu. Nikajua hewa ya gari lile ilikuwa inafanya nini. Kwenye kiwiko inapozunguka betri ilikuwa inajisokota kama mawese, inafika kwenye kifaa imejipinda, na kifaa kinapima msokoto badala ya hewa. Nilimrudishia faneli nikakimbia, na nyuma yangu nikamsikia akiwaambia wenzake, "Wale wa bandani wote njo vile."

Nilifinyanga upepo upya. Safari hii nilichana mifuo mitatu kwenye shingo ya udongo, nikachomeka humo vibanzi vya bati, nikaacha kingo zake zitokeze nje kidogo ili kitambaa kizikamate, kisha nikauvalisha. Udongo ulipoyeyuka, vibawa vilibaki vimesimama ndani, mahali pake.

Gari liliwaka. Nilisubiri litetemeke. Niliweka glasi ya maji juu ya paa na maji hayakucheza. Nikakanyaga mafuta, likanguruma kwa sauti nene, safi, bila kikohozi, na mwenye kinu akatoka nje na kofia mkononi. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ndipo nikaona mkunjo. Kitambaa kilikuwa kimejikunja upande wa nje wa kiwiko, kovu la urefu wa kidole, mahali ambapo kila atakayeinua boneti ataliona. Hewa haikuligusa. Injini haikulijua. Lakini mimi nililiona, na sikuona kitu kingine. Nilizima gari, nikalitoa bomba, nikaliweka mezani. Lilikuwa na kasoro moja tu. Kulifanya upya kungechukua mpaka Ijumaa, na mvua ilikuwa inajikusanya, na gundi ile haikauki vizuri kwenye unyevu. Yote hayo niliyajua, na bado mkono wangu ulichukua msumeno.

Nilichofanya kabla ya kukata ni kujaza mkunjo gundi kidogo, kuona kama ungefichika. Haukufichika. Lakini gundi ile ikianza kushika hujipasha joto yenyewe, na nilipoweka kiganja pale nikakuta pana moto, moto wa kweli, kama faneli iliyofungwa kwenye kitambaa. Sikuwa nimewahi kuigusa kazi yangu wakati huo. Siku zote niliiacha mpaka ipoe ndipo nirudi kuikagua.

Niliweka msumeno chini. Nilimpigia simu mwenye gari, kiganja kikiwa bado juu ya bomba.

"Papa," nikasema, "imekwisha."

Ijumaa baada ya swala tulikwenda kulijaribu gari ng'ambo. Mama Faneli alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa ajili ya harusi, ametoka kwenye mablanketi yake kama kitu kilichofungashwa kisipasuke, na jambo la kwanza alilofanya ni kuamuru boneti ifunguliwe. Aligonga bomba kwa ukucha. Alipitisha kidole kwenye kiwiko, kikasimama.

"Hapa iko na mukunjo."

"Niliuona, Mama."

"Uliuona, na ukaitoa?"

"Niliitoa."

"Legeza." Nililegeza mshipi wa bomba, akaingiza vidole shingoni, akapapasa, macho yakitazama mto. "Mwizi," akasema.

"Mama?"

"Hivi vibawa njo vyangu."

"Ni vyako."

"Nani alikuambia hewa inazunguka kama mawese?"

"Hakuna. Niliona sokoni."

"Mwizi mwenye macho." Akafuta vidole kwenye kanga yake, polepole. "Mubaya kuliko wote. Funga."

Dereva wa mfanyabiashara alikuwa hataki kuonekana ndani ya gari lile tena. Mwenye gari akanirushia ufunguo. "Aliyetengeneza aendeshe. Ikizimika, wimbo njo wake." Mama Faneli alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha pili na kilemba chake kikigusa paa.

Kivuko kilituvusha. Upande wa Alunguli gati lilikuwa limejaa: wapagazi, wenye pikipiki, wanawake na mabeseni yao, watoto. Wapagazi walikuwa wameleta kamba. Mmoja aliinama kwenye kioo changu.

"Tufunge sasa, ama kiisha?"

"Kiisha," nikasema.

"Hatuna haraka, dada. Tuko na siku nzima."

Mlima wa gati ulisimama mbele, mwekundu, wenye mifuo ya maji. Nikawaza mkunjo, nikawaza kila bomba nililokata, nikawaza kwamba labda glasi ya maji ilikuwa imesimama kwa bahati. Nilinyoosha mkono kuhakikisha kioo cha upande wa Mama Faneli kimepanda mpaka juu, kama tulivyofanya siku zote.

Akanipiga kofi mkononi. Akatafuta kitufe, akakibonyeza, na kioo kikashuka chote.

"Mama, upepo."

"Nataka kuusikia unavyoingia. Enda."

Nikaenda. Tope lilirushwa nyuma, mbele yetu gari likavuta pumzi ndefu, na sisi wawili tukaisikia, mvumo mmoja ulionyooka, hausiti, hauzunguki, unazidi kupanda kadiri mlima ulivyopanda. Tulipita pale lilipofia zamani. Nilijua tumepita kwa sababu wapagazi walianza kupiga kelele, na wale wenye kamba wakaitupa chini wakakimbia kando yetu, wakiimba wimbo uleule wa kumtania mwenye gari, ila wameubadilisha maneno. Juu kabisa nilisimamisha gari bila kulizima. Lilikaa linanguruma taratibu. Mama Faneli alikuwa ametoa mkono nje mpaka kwenye kiwiko, vidole wazi, kilemba kimelegea na ncha yake inapepea.

Watu walituzunguka. Yule mpagazi wa kamba alifika anahema.

"Nani alitengeneza hii?"

Nilimwangalia Mama Faneli na nikasubiri. Mtu aliyedai ndoo za viwanda hangeacha hii ipite.

"Pua, alitengeneza huyu binti," akasema. "Huyu binti nilimutengeneza miye."

Si kweli kabisa. Nilijifundisha mwenyewe, kwa simu isiyo na sauti. Yeye alinipa kona na akanikataza moto wake. Vibawa niliviona sokoni, hakunionyesha. Nilikuwa na masahihisho matatu au manne, yamejipanga mdomoni.

Nikayaacha yalivyo. Nikageuza gari kurudi gatini, na kioo chake kikabaki wazi mpaka Kasuku.